Jinsi ya Kumchagua Diwani Uingereza kwa Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda: Mfano wa Reading

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunaamini kwamba kura ya huku ni ya Waingereza wenyewe, au ya yule aliyekwisha kula kiapo na kupewa pasipoti yao. Si kweli. Kama wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, umefikisha miaka 18 na una ruhusa halali ya kuishi hapa, sheria inakupa haki ya kumchagua diwani wa kata yako. Viza ya masomo inatosha. Viza ya kazi ya kuhudumia wazee inatosha. Ya mke au mume, vilevile. Na ukishaingia kwenye daftari la wapiga kura, daftari hilohilo ndilo litakaloita jina lako siku ya kumchagua mbunge.

Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo wapo walioishi hapa miaka mingi wakigoma kuchukua uraia wa Uingereza wasije wakaupoteza wa nyumbani. Hao huamini kwamba kwa uamuzi ule walijitoa pia kwenye kura. Hawakujitoa. Pasipoti yako ya Tanzania haikuzuii kupiga kura hapa. Ndiyo hasa inayokupa nafasi hiyo.

Nitatumia Reading, mji ulio magharibi ya London, kama mfano, kwa sababu ni manispaa yenye Waswahili wengi na kwa sababu utaratibu wake wa uchaguzi huwachanganya watu. Aliye Leicester, Luton au Barking atafuata hatua hizihizi.

Diwani wa huku anahusika na nini

Tangu tarehe 1 Aprili 1998, baraza la mkoa wa Berkshire lilipovunjwa, manispaa ya Reading inabeba peke yake kazi zote za serikali ya mtaa. Taka zako zinazolewa na manispaa. Mashimo ya barabara ya mtaani, maktaba, nafasi za watoto shuleni, leseni ya udereva wa teksi, kibali cha kujenga, leseni ya nyumba inayopangishwa chumba kimoja kimoja kwa watu wasio wa familia moja: yote hayo yapo mikononi mwa baraza. Hata mabasi ya Reading Buses ni mali ya manispaa, jambo ambalo miji michache sana ya England bado inalo.

Kisha ipo huduma ya wazee na walemavu, na hapa naomba ndugu zangu mnaofanya kazi hiyo msikilize vizuri. Sehemu kubwa ya huduma wanayopata wazee majumbani hulipiwa na manispaa kupitia kampuni binafsi. Kiwango ambacho baraza linakubali kuilipa kampuni kwa saa moja kina mkono katika mshahara wako, na katika kama muda wa safari kutoka nyumba moja hadi nyingine unalipwa au haulipwi. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti hiyo. Unalipa council tax, yaani kodi ya manispaa, kila mwezi, moja kwa moja au ndani ya kodi ya chumba. Kumchagua anayeitumia ni haki yako.

Asichohusika nacho diwani ni viza, hospitali na polisi. Usimchague mtu aliyekuahidi hayo.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili

Katika uchaguzi wa madiwani wa England wanapiga kura raia wa Uingereza, wa Ireland, na wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye ruhusa ya kuingia au kukaa nchini, ya aina yoyote na ya muda wowote. Tanzania imo, Zanzibar ikiwa ndani yake. Kenya, Uganda, Malawi na Zambia zimo. Rwanda imo tangu 2009, na Msumbiji tangu 1995. Kama muda wa viza yako unakwisha na ulituma maombi ya kuongezewa kabla haujaisha, ruhusa yako inaendelea kisheria hadi ujibiwe, na haki ya kura inaendelea nayo. Baadhi ya raia wa nchi za Umoja wa Ulaya nao wanastahili, ila masharti yao yalibadilika Mei 2024 na yanategemea nchi na mwaka waliohamia.

Raia wa Kongo, Burundi, Somalia, Komoro na Oman hawamo, hata wakiwa na hadhi ya ukimbizi au ukaazi wa kudumu, mpaka wapate uraia wa Uingereza. Hili linauma, maana Mkongomani aliyekaa hapa miaka kumi anaweza kukosa kura ambayo mwanafunzi Mkenya aliyefika Septemba anayo. Lakini sheria hiyo ni ya England. Mkongomani huyohuyo akihamia Glasgow au Cardiff akiwa na ruhusa halali ya kukaa, atamchagua diwani wake, kwa sababu Scotland na Wales zilifungua mlango huo kwa wakazi wa mataifa yote. Na asiyepiga kura bado ana diwani: diwani humtumikia kila mkazi wa kata, na hana haki ya kumuuliza mtu pasipoti kabla ya kumsikiliza.

Hofu ninayoisikia mara nyingi ni kwamba kura itaharibu viza. Sharti la kutotumia fedha za umma, lile lililoandikwa kwenye viza nyingi, linahusu misaada kama ruzuku ya nyumba. Kura si msaada. Ambaye hapaswi kujiandikisha ni yule asiye na ruhusa kabisa, kwa sababu kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ya uandikishaji ni kosa la jinai, na maofisa wanaweza kuhakiki hali yako na wizara ya mambo ya ndani.

Hatua ya 2: Jiandikishe

Hapa hakuna foleni ya alama za vidole wala kadi ya mpiga kura ya kutunza kabatini. Nenda gov.uk/register-to-vote, jaza jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya National Insurance, yaani bima ya taifa. Huchukua kama dakika tano na hakuna malipo. Kama namba ya National Insurance bado hujapata, usiache. Andika kwamba huna, na ofisi ya manispaa itakuomba ushahidi mwingine. Umri wa kupiga kura ni 18, lakini kijana wa miaka 16 anaweza kuandikishwa mapema, kwa hiyo jaza pamoja na wanao.

Kila mtu anajiandikisha mwenyewe. Zamani fomu moja ilitosha nyumba nzima. Tangu 2014 utaratibu huo umekufa. Mume hawezi kumwandikisha mke, wala mwenye nyumba hawezi kukuandikisha wewe mpangaji. Barua ya manispaa inayokuja kila mwaka kuuliza nani wanaishi nyumbani si uandikishaji, ingawa kutoijibu kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000. Ukihama, hata ndani ya Reading kutoka Whitley kwenda Tilehurst, jaza upya kwa anwani mpya.

Kwenye fomu utaulizwa kama unataka jina lako liwe katika daftari la wazi, lile ambalo kampuni yoyote inaweza kulinunua. Kataa. Kukataa hakuathiri kura yako. Daftari kamili nalo hutumiwa na kampuni zinazopima uaminifu wa mikopo, ndiyo maana aliyejiandikisha huona wepesi akiomba mkataba wa simu au mkopo wa gari. Kama unajificha ili kumkwepa mtu anayekutishia maisha, upo uandikishaji wa siri ambao jina na anwani hazionekani; zungumza na ofisi ya uchaguzi ya manispaa kabla ya kujaza chochote.

Mwanafunzi mwenye anwani mbili, ya chuo na ya nyumbani, anaruhusiwa kuandikishwa kote kuwili na kumchagua diwani kote kuwili, mradi ziwe manispaa tofauti. Kwenye uchaguzi wa wabunge atachagua sehemu moja tu.

Hatua ya 3: Zijue tarehe, kisha amua utapigaje kura

Uchaguzi wa madiwani hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Mei. Reading ina kata 16, kila kata madiwani watatu, jumla 48. Mipaka ya sasa ilianza kutumika 2022, na mwaka huo viti vyote vilipigiwa kura. Baada ya hapo theluthi ya viti ndiyo inayoshindaniwa kila mwaka, isipokuwa mwaka mmoja katika kila minne ambao hauna uchaguzi. Ndiyo sababu 2025 Reading ilikuwa kimya. London ni tofauti: manispaa zote 32 huchagua madiwani wao wote kwa siku moja kila baada ya miaka minne, 2018, 2022 na 2026. Usitegemee kuambiwa na rafiki wa mji mwingine kwamba mwaka huu kuna uchaguzi au hakuna. Tazama tovuti ya manispaa yako.

Tarehe za mwisho huhesabiwa kwa siku za kazi kurudi nyuma. Kwa uchaguzi wa tarehe 7 Mei 2026, mwisho wa kujiandikisha ni usiku wa Jumatatu 20 Aprili. Mwisho wa kuomba kura ya posta ni saa kumi na moja jioni ya tarehe 21 Aprili, na mwisho wa kuomba mtu akupigie kura ni saa kumi na moja jioni ya tarehe 28 Aprili. Mwaka mwingine tarehe zitasogea, lakini mpangilio ni huohuo: siku 12 za kazi, 11, na 6.

Kwa wanaofanya kazi za zamu ningesema bila kusita: chukua kura ya posta. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na mtu mwenye zamu ya saa 12 pamoja na safari huona siku imekwisha. Huhitaji kueleza sababu. Omba mtandaoni, weka namba ya National Insurance na picha ya saini yako. Bahasha itakuja nyumbani wiki chache kabla. Ndani mna karatasi ya kura, na fomu ya kuandika tarehe ya kuzaliwa na saini. Kura nyingi za posta hutupwa kwa sababu ya fomu hii: mtu anaandika tarehe ya leo mahali pa tarehe ya kuzaliwa, au anatia saini isiyofanana na ile aliyoiombea. Fuata maelekezo ya bahasha mbili, ile iliyoandikwa A na ile iliyoandikwa B, kisha tia kwenye sanduku la posta. Stempu imekwisha lipiwa.

Usimkabidhi mtu wa chama bahasha yako, hata kama ni jirani, hata kama mnasali pamoja. Sheria inamkataza mfanyakampeni kushika kura za posta za watu wasio ndugu zake au wasio chini ya uangalizi wake. Ukichelewa kuipeleka posta, ipeleke mwenyewe kituoni siku ya kura. Unaweza kubeba yako na za watu wengine watano, na utajazishwa fomu.

Njia ya tatu ni kumtuma mtu unayemwamini akupigie kura kituoni. Hii inamfaa anayesafiri kwenda nyumbani kwa msiba au likizo, kwa kuwa bahasha ya posta ikitumwa Mwanza au Kisumu haitarudi kwa wakati. Ukiugua ghafla au kazi ikikuita ghafla baada ya tarehe ya mwisho, yapo maombi ya dharura hadi saa kumi na moja jioni ya siku yenyewe ya kura.

Hatua ya 4: Tafuta kitambulisho chenye picha

Tangu uchaguzi wa Mei 2023, kituoni huruhusiwi kupiga kura bila kitambulisho chenye picha. Habari njema ni kwamba pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa. Ile ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, zote zinapokelewa, hata zikiwa zimekwisha muda, mradi sura bado ni yako. Leseni ya udereva ya Uingereza inakubaliwa. Kadi ya BRP, ile ya kibali cha ukaazi, inakubaliwa, nayo hata ikiwa imekwisha muda, kwa hiyo kama bado unayo kwenye droo, ikusaidie. Wazee watumie pasi ya basi ya uzeeni.

Visivyokubaliwa ndivyo vinavyowarudisha watu wetu mlangoni. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au cha NIDA hakikubaliwi. Leseni ya udereva ya nyumbani haikubaliwi. eVisa kwenye simu haikubaliwi, wala picha ya pasipoti kwenye simu; lazima iwe yenyewe mkononi. Kadi ya chuo na beji ya kazini pia hazifai.

Kama huna hata kimoja, serikali hutoa bure cheti cha utambulisho wa mpiga kura, kinachoitwa Voter Authority Certificate. Omba kwenye gov.uk ukiwa na picha na namba ya National Insurance, kabla ya saa kumi na moja jioni siku ya sita ya kazi kabla ya uchaguzi. Nawashauri hasa akina mama waliopeleka pasipoti ubalozini kubadilishwa: msisubiri irudi, ombeni cheti.

Jina kwenye kitambulisho lifanane na la kwenye daftari. Kama pasipoti ina jina la baba na daftari lina la mume, beba cheti cha ndoa. Anayevaa nikabu ana haki ya kuonyesha uso faraghani, na anaweza kuomba iwe mbele ya ofisa mwanamke, na kituo lazima kiwe na mahali pa kufanyia hivyo.

Hatua ya 5: Wajue wagombea

Mambo ya kampeni huku ni ya kimya. Hakuna magari ya vipaza sauti wala kanga za chama. Kuna vikaratasi mlangoni na watu wachache wanaogonga na kuuliza maoni. Wafungulie, na waulize jambo la kata yako: mwenye nyumba asiyetengeneza ukuta wenye ukungu atachukuliwa hatua gani, basi la usiku litabaki, mtoto atapata shule karibu. Majina ya wagombea hutangazwa na manispaa kiasi cha wiki nne kabla, na ukiandika postikodi yako kwenye whocanivotefor.co.uk utawaona wote pamoja na vyama vyao.

Siku ya kura

Kadi inayokuja kwa posta itakuonyesha kituo chako. Si lazima kuibeba, lakini lazima uende kituo hicho na si kingine kilicho karibu na kazini. Nje unaweza kukuta watu wenye beji za vyama wakiuliza namba yako. Ni hiari kuwajibu. Ndani utataja jina na anwani, utaonyesha kitambulisho, utapewa karatasi. Hakuna wino wa kidole.

Weka alama ya X mbele ya mgombea unayemtaka. Soma juu ya karatasi umeruhusiwa alama ngapi: Reading kwa kawaida ni moja, London inaweza kuwa hadi tatu. Ukizidisha, kura imeharibika. Usiandike jina lako wala saini. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, irudishe kwa ofisa akupe nyingine. Simu isipige picha ndani. Mtoto unaweza kuingia naye. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma maandishi amwombe msimamizi wa kituo msaada.

Mke na mume hawaingii pamoja kwenye kibanda. Sheria ya 2023 inasema ni kosa kumsindikiza mtu kibandani ili kumwelekeza kura yake, na wasimamizi wanaangalia. Mama, kura yako ni yako. Hakuna atakayejua ulimpa nani usipomwambia. Na ukiwa bado kwenye foleni saa nne ya usiku ikigonga, usiondoke, utapiga kura.

Mshindi ni mwenye kura nyingi, basi, hata asipofika nusu. Katika chaguzi hizi mara nyingi hujitokeza kama theluthi tu ya walioandikishwa, kwa hiyo kata moja inaweza kuamuliwa na watu wachache sana. Mwaka 2017, katika kata ya South Blyth, Northumberland, wagombea wawili walilingana kura kabisa. Kiti kikatolewa kwa kuvuta vijiti, na kwa kijiti hicho chama cha Conservative kikakosa wingi wa baraza zima. Mtu mmoja zaidi wa kata ile angewahi kutoka kazini akapiga kura, vijiti visingehitajika.

Ukitaka kugombea wewe mwenyewe

Hapa sharti ni zito kidogo. Raia wa Jumuiya ya Madola anayegombea udiwani lazima awe na ukaazi wa kudumu. Viza ya muda haitoshi. Awe na miaka 18, na awe ama ameandikishwa kupiga kura katika manispaa hiyo, ama ameishi, amefanya kazi au amepanga humo kwa miezi 12. Mwajiriwa wa manispaa hiyohiyo haruhusiwi, na hilo linawagusa pia walimu wa shule ambazo mwajiri wake ni manispaa. Hakuna dhamana ya fedha ya kuweka. Utahitaji wapiga kura wawili wa kata yako wakudhamini kwenye fomu, na kama unasimama kwa chama, barua ya chama. Fomu hupelekwa kwa mkono kabla ya saa kumi jioni siku ya 19 ya kazi kabla ya uchaguzi. Kwa Mei 2026 hiyo ni tarehe 9 Aprili. Ipeleke siku kadhaa mapema, ili ofisa akiona kasoro upate muda wa kuirekebisha.

Weka risiti za kila senti unayotumia kwenye kampeni, maana utaitoa hesabu hiyo baada ya kura, uwe umeshinda au umeshindwa. Ukishinda, una miezi miwili ya kutia saini tamko la kuikubali kazi. Bila saini hiyo kiti hutangazwa kuwa wazi.